Kadi Zao, Mchezo Wetu

Kila mtaa una sheria zake za kadi. Pale kwenu labda ukipigwa mbili unaweza kujibu kwa tatu. Kwingine ukijaribu hivyo utaambiwa uokote na unyamaze. Kuna meza ambapo usiposema "niko kadi" mapema, ushindi wako hauhesabiki hata kama mkono umebaki mtupu. Kuna wanaokubali umalize na kadi ya swali, na kuna watakaokucheka. Ndiyo maana mgeni akivuta kiti, jambo la kwanza analouliza ni hili: hapa mnacheza aje?

Hakuna anayempigia simu mwenye kiwanda kumuuliza. Kiwanda kiliuza kadi hamsini na mbili na jokeri zake, kazi yake ikaishia hapo. Mchezo ni wa walioketi.

Sasa chukua mchezo wa kadi ambao una mwenyewe. Mwenyewe ni kampuni, ina jina, ina wanasheria, inachapisha kadi mpya kila baada ya miezi michache, na ndiyo inayoandika kitabu cha sheria. Je, kwenye meza ya mchezo kama huo bado mnaweza kuulizana "hapa mnacheza aje"? Nimeutumia muda mwingi kufuatilia swali hili kupitia mchezo mmoja, Magic: The Gathering, kwa sababu hakuna mwingine ambao wachezaji wake wameunda mitindo yao mingi hivyo, mbele ya macho ya mwenye mali. Kwa miaka thelathini hivi jibu lilikuwa ndiyo, mnaweza. Kisha Septemba 2024 likatokea jambo lililonifanya nilitazame jibu hilo upya.

Tuanze mwanzo. Magic iliingia sokoni Agosti 1993. Aliyeibuni ni Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na aliyeichapisha ni Wizards of the Coast, kampuni changa ya eneo la Seattle iliyokuwa ikiongozwa na Peter Adkison. Garfield alikuwa amempelekea Adkison mchezo mwingine wa mezani, RoboRally, lakini kuuchapisha kungekula pesa ambazo kampuni haikuwa nazo. Adkison akaomba kitu chepesi: cha kubebeka, cha bei nafuu kutengeneza, na ambacho watu wangekicheza wakingojea shughuli nyingine ianze.

Alichopata kilikuwa kipya kabisa. Katika Magic wewe ni mchawi unayepigana na mchawi mwenzako. Kadi za ardhi zinakupa nguvu iitwayo mana, na kwa mana hiyo unaita viumbe na kutupa uchawi mpaka uhai wa mwenzako, unaoanza na pointi 20, ushuke hadi sifuri. Lakini hamchangii rundo moja la kadi kama tunavyofanya sisi mtaani. Kila mtu anakuja na deki yake aliyoijenga nyumbani kutokana na kadi alizonunua, na kadi zenyewe zinauzwa katika pakiti zilizofungwa. Hujui ndani mna nini. Nyingi ni za kawaida, chache ni adimu.

Mzigo wa kwanza, wenye jina la Alpha, ulikuwa na kadi kama milioni 2.6, na uliisha haraka kuliko kampuni ilivyotarajia. Hapo ndipo hesabu za mwanahisabati zilipokutana na tabia za watu. Garfield alikuwa amewaza kwamba kila mchezaji angenunua pakiti chache, kwa hiyo kadi kali zingebaki chache katika kila kundi la marafiki. Uadimu wenyewe ungekuwa breki. Sheria za kwanza hazikuweka hata kikomo cha nakala: ukiwa na kadi ileile mara kumi, itie zote kumi kwenye deki. Lakini watu hawakununua pakiti chache. Walinunua maboksi. Mwenye pesa akawa na deki ambayo mwenzake hangeweza kuigusa, na mapema 1994 ikabidi mashindano yawekewe mipaka: deki isipungue kadi 60, nakala za kadi moja zisizidi nne, na kadi fulani zipigwe marufuku au ziruhusiwe mojamoja tu.

Sheria nyingine ya mwanzo iliondoka kwa njia tofauti. Kitabu kilisema kila mchezaji aweke dau: kadi moja kutoka kwenye deki yake, bila kuichagua, na mshindi aondoke nazo zote mbili. Kwenye karatasi ilikuwa na mantiki, maana kadi zingezunguka kutoka mkono hadi mkono. Lakini nani anataka kupoteza kadi yake bora kwa sababu ya mchezo wa jioni moja? Meza kwa meza, watu wakaacha tu kuicheza hivyo. Baadaye kampuni nayo ikaachana na dau. Naona huo ndio mfano wa kwanza wa wachezaji kuibadilisha Magic, na hawakuhitaji kamati wala barua. Walikataa, basi.

Kuanzia Januari 1995 mchezo uligawanywa rasmi. Kulikuwa na mashindano ya kadi zote, na mashindano ya kadi za hivi karibuni pekee, ili anayeanza leo asilazimike kutafuta kadi za 1993. Mitindo hiyo leo inaitwa Vintage na Standard. Februari 1996 ikafanyika Pro Tour ya kwanza mjini New York, mashindano ya kulipwa, na Magic ikawa kitu ambacho mtu anaweza kukiita kazi.

Mwezi uliofuata, Machi 1996, kampuni ilitoa ahadi ambayo bado inaitesa. Mwaka uliotangulia ilikuwa imechapisha upya kadi nyingi za zamani, na wakusanyaji waliozinunua kwa bei ya juu wakapandwa na hasira walipoona thamani yake ikishuka. Ili kuwatuliza, Wizards ikatoa orodha ya kadi ambazo haitazichapisha tena katu. Orodha hiyo inaitwa Reserved List, na ndani yake mna Black Lotus, kadi ambayo haigharimu chochote kuitupa mezani na inakupa mana tatu papo hapo. Januari 2021, Black Lotus moja ya Alpha, ndani ya kasha lenye sahihi ya mchoraji wake Christopher Rush, iliuzwa kwa dola 511,100. Ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kwenye kiganja.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 90 mchezaji wa kawaida alikuwa amebanwa pande mbili. Kadi za zamani zilikuwa zikipanda bei bila matumaini ya kushuka. Kadi mpya nazo zilikuwa na maisha mafupi katika mashindano, maana kila baada ya muda seti za zamani huondolewa ili mpya ziingie. Ukikaa nje ya mchezo miaka miwili, deki yako ni ya kumbukumbu tu. Karibu kila mtindo uliobuniwa na wachezaji tangu hapo ni njia ya kupenya kati ya kuta hizo mbili.

Mtindo uliofika mbali zaidi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipaangalia: Alaska. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Adam Staley, pamoja na wenzake wa huko, katika miaka ya 90. Mwaka 1994 seti iitwayo Legends ilikuwa imetoa majoka matano ya kale, makubwa, ya rangi tatutatu, ghali mno kuyaita mezani. Katika mashindano ya haraka hayakuwa na maana. Kabla hujapata mana ya kumwita joka lako umeshakufa. Kundi la Alaska likayageuza kuwa viongozi. Kila mchezaji anachukua joka moja kama jenerali wake, anajenga deki ya kadi 100 kulizunguka, na isipokuwa ardhi za msingi, hakuna kadi inayojirudia. Mtindo ukaitwa Elder Dragon Highlander, EDH kwa kifupi. Elder Dragon ni yale majoka. Highlander ni sinema ya 1986 ambamo watu wasiokufa wanapigana mpaka abaki mmoja tu. Kadi moja, nakala moja.

Sheria zake zimebeba alama za pale zilipozaliwa. Hadi leo, kiongozi akikupiga jumla ya pointi 21 umetoka, hata kama uhai wako bado uko juu. Kwa nini 21 na si 20 au 25? Kwa sababu kila mojawapo ya majoka yale matano lilipiga kwa nguvu ya 7, na mapigo matatu ni 21. Watu wanaocheza leo kwa viongozi wasiohusiana kabisa na majoka bado wanahesabu mapigo ya Alaska.

Aliyeutoa mtindo huo nje ya Alaska ni Sheldon Menery, mwanajeshi wa Jeshi la Anga la Marekani ambaye pia alikuwa mwamuzi wa ngazi ya juu wa Magic. Aliukuta huko alipokuwa kazini, alipohamishwa akahama nao, na mwaka 2004 akauandikia makala. Lakini kilichousambaza zaidi ni kazi yake ya uamuzi. Fikiria mwamuzi wa mashindano makubwa: anashinda siku nzima kwa miguu akitatua ugomvi wa watu wanaohesabu kila sekunde na kila pointi. Usiku ukumbi ukifungwa, yeye naye anataka kucheza, ila hataki tena ule ukali. EDH ilimfaa. Ilikuwa ya watu wanne kwa kawaida, uhai ulianza na pointi 40, na michezo ilijivuta huku watu wakipiga domo. Waamuzi wakaibeba kwenye mabegi yao wakirudi makwao, nchi hii na ile.

Mtu akiniuliza kwa nini EDH ilishika, nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba iliokoa kadi zilizokuwa zikioza kwenye maboksi. Kadi nzito, za ajabu, zisizo na kazi katika mashindano zilipata meza ambapo kulikuwa na muda wa kuzitumia, na kwa kuwa unahitaji nakala moja tu, huhitaji kununua nne. La pili ni watu wanne. Ukionyesha nguvu mapema, wenzako watatu wanakugeukia. Unaahidi leo hutamshambulia jirani, kesho unamshambulia, na mchezo unaofuata hakuna anayekuamini. Mkenya aliyewahi kuangalia vyama vikiungana na kuvunjika kabla ya uchaguzi hahitaji kufundishwa hapo.

Juu ya yote kulikuwa na kile ambacho wachezaji walikipa jina la Sheria ya Sifuri: kabla ya kuanza, zungumzeni. Mnataka mchezo wa aina gani? Kuna kadi hamzitaki? Mkikubaliana, makubaliano yenu yanazidi kilichoandikwa. Menery na wenzake waliunda kamati ndogo ya sheria iliyotunza orodha fupi ya kadi zilizokatazwa, lakini kamati hiyo haikuwa na polisi. Haikuweza kumfukuza mtu wala kumtoza faini. Orodha yake ilikuwa mahali pa kuanzia mazungumzo baina ya watu wasiojuana. "Hapa mnacheza aje?" ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria yenyewe.

EDH haikuwa peke yake. Kwenye Magic Online, mchezo uleule kwenye kompyuta, wachezaji walianza kuandaa mashindano ya deki zilizojengwa kwa kadi za kawaida tu, zile ambazo wengi huzitupa wakifungua pakiti wakitafuta adimu. Mtindo huo unaitwa Pauper, yaani fukara. Desemba 2008 kampuni iliufanya rasmi kwenye Magic Online, na mwaka 2019 ikaunganisha sheria zake za mtandaoni na za mezani. Usidhani ni mchezo wa watoto. Deki za Pauper ni kali, na zimejaa kadi ambazo kila mtu alizipita.

Mwaka 2016 wengine wakaenda chini zaidi. Mtindo wao, Penny Dreadful, umechukua jina la vile vijitabu vya hadithi za kutisha vilivyouzwa kwa peni moja huko Uingereza katika karne ya 19. Unaruhusu tu kadi ambazo kwenye Magic Online zinauzwa kwa sehemu ndogo sana ya tiketi, sarafu ya soko la huko. Kila seti mpya ikitoka, orodha inahesabiwa upya. Ninaupenda mtindo huu kwa sababu ya mtego uliomo ndani yake: kadi ikipendwa sana, bei yake inapanda, na ikipanda inaondolewa. Hakuna anayeweza kuilimbikiza ili awashinde wengine kwa pesa. Soko lenyewe limefanywa mwamuzi.

Wasweden walienda upande mwingine kabisa. Mjini Gothenburg, mnamo 2007, kundi la marafiki lilianza kucheza kwa kadi za 1993 na 1994 pekee, mtindo unaoitwa Old School. Ulikuwa mtindo wa kumbukumbu, wa watu wazima kurudi kwenye kadi za ujana wao. Lakini kumbukumbu nazo zina bei. Kulingana na sheria za Wasweden, kadi inapaswa kuwa ya uchapishaji wa enzi ile. Makundi ya kwingine yakaruhusu nakala zilizochapishwa baadaye zenye picha ileile, ili mtu asiye na maelfu ya dola naye apate kiti. Kwa hiyo hata ndani ya mtindo mmoja swali lilikuwa lilelile: ni karatasi tunayoiheshimu, au ni mchezo?

Na kuna iliyokufa. Tiny Leaders ilikuwa EDH iliyopunguzwa: kadi 50, na hakuna kadi inayogharimu zaidi ya mana tatu. Mwaka 2015 ilivuma kila mahali, watu wakakimbilia kununua kadi wakitarajia faida, na muda si muda ikazimika. Mtindo usiopendwa haufungwi na mtu. Wachezaji wanaacha tu kuitana.

Kampuni ilikuwa ikifanya nini wakati huu wote? Ilikuwa ikiangalia, na mara kwa mara ikichukua. Mwaka 2011 mchezaji na mwandishi Gavin Verhey alibuni mtindo alioupa jina Overextended, wa kadi zisizozeeka haraka lakini zisizoguswa na ahadi ile ya 1996. Mwaka huohuo Wizards ikatangaza Modern, mtindo wake rasmi uliojengwa juu ya wazo lilelile. Verhey mwenyewe aliajiriwa na kampuni. Mwaka 2016 maduka makubwa ya Japani yaliunda Frontier, mtindo wa kadi za miaka michache iliyopita; Oktoba 2019 kampuni ikatoa Pioneer, ya kuziba pengo hilohilo. Sisemi ni wizi. Kampuni iliona watu wamefungua njia ya miguu kwenye nyasi, ikaja na lami.

Na lami iliyo nene kuliko zote ilimwagwa kwenye EDH. Juni 2011 Wizards, ambayo tangu 1999 ilikuwa mali ya Hasbro, ilitoa deki tano zilizojengwa tayari kwa ajili ya mtindo huo, ikaupa jina jipya: Commander. Kuanzia 2013 deki kama hizo zimetoka kila mwaka. Mtindo wa usiku wa waamuzi ukawa ndio unaochezwa kuliko mingine yote, na wabunifu wa kampuni wakaanza kutengeneza kadi kwa ajili yake. Sheria, hata hivyo, zilibaki kwa kamati ya watu wa kujitolea. Tafakari hali hiyo. Kampuni kubwa ya vinyago duniani inategemea mtindo ambao sheria zake zinaandikwa na watu isiowaajiri.

Ilidumu hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Mwaka 2020 ilitoka kadi iitwayo Jeweled Lotus: binamu wa Black Lotus, ila mana yake inatumika kumwita kiongozi wako tu. Nje ya Commander karibu haina kazi. Ilikuwa adimu, na ikawa ghali. Mana Crypt, kadi ya zamani inayokupa mana mbili bure kila zamu, ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 100. Watu walizinunua kuchezea, na wengine walizinunua kama mtu anavyonunua kiploti, wakijua bei haitashuka.

Menery alifariki Septemba 2023 baada ya kuugua saratani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Septemba 2024, kamati ilipiga marufuku kadi nne: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu. Kwa upande wa mchezo, hoja ilikuwa nzito. Anayepata Mana Crypt zamu ya kwanza anakimbia mbele ya wenzake watatu kwa bahati tu, na mchezo uliokusudiwa kujivuta unaisha kabla wengine hawajafungua midomo. Lakini bei zilianguka ndani ya siku chache. Wapo waliokuwa wamedunduliza kwa miezi wanunue kadi hizo, na uchungu wao nauelewa. Kilichofuata hakina utetezi: wanakamati walitishiwa, na vitisho vikafika kwenye usalama wao. Watu waliokuwa wakitunza sheria za mchezo wa kirafiki, bila mshahara, wakawa wanaogopa. Tarehe 30 Septemba, wiki moja baada ya tangazo, ilitangazwa kwamba kamati imekabidhi Commander kwa Wizards.

Nimesikia maelezo mengi ya tukio hilo, na mengi yanalaumu hasira za mtandaoni. Zipo, lakini hazitoshi. Kamati ileile iliwahi kukataza kadi nyingine bila mtu kulazimika kuhofia maisha yake. Kilichobadilika ni kwamba kati ya 2011 na 2024 kila sheria ya Commander ilikuwa imefungwa kwenye bei. Orodha iliyoanza kama ushauri baina ya marafiki ilikuwa sasa inaweza kufuta dola milioni kwenye kabati za watu kwa asubuhi moja. Sheria ikishagusa mfuko wa mtu kiasi hicho, haiwezi tena kushikwa na watu wa kujitolea, hata wawe waadilifu namna gani. Itahitaji taasisi yenye wanasheria na walinzi. Na taasisi iliyokuwa karibu ni ileile inayouza kadi.

Linganisha na Penny Dreadful. Orodha yake inabadilika kila msimu, kadi kwa mamia zinaingia na kutoka, na hakuna senti ya maana inayopotea. Au na kadi zetu za mtaani, ambapo mnaweza kubishana hadi usiku kuhusu kumaliza na swali, na kesho mtakutana palepale. Tunadhani uhuru wa wachezaji unalindwa na kamati nzuri au katiba nzuri. Kwa ninavyoona mimi, ulikuwa ukilindwa na urahisi wa vitu.

Sisemi kampuni imeharibu kila kitu. Iliunda jopo la ushauri lenye wachezaji ndani yake, na mwaka 2025 ikazifungulia kadi kadhaa zilizokuwa zimekatazwa. Pia ilileta mfumo wa kupanga deki katika ngazi tano kwa nguvu zake, ili watu wasiojuana wapate lugha ya kuelewana. Ni msaada wa kweli ukiwa dukani na wageni. Ila utagundua kinachojaribiwa hapo: mazungumzo ya Sheria ya Sifuri yanageuzwa namba. Mtu anasema "deki yangu ni ya tatu," na mengine hayasemwi.

Mimi nacheza Nairobi, na watu watatu ninaokutana nao Jumapili, kwa deki ambazo mwanzoni zilitoka kwenye boksi moja alilorudi nalo binamu yangu baada ya masomo Uingereza. Ukihesabu bei ya kadi, usafiri na ushuru, Commander kama inavyouzwa haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa hiyo tuna sheria yetu: kadi yoyote inayozidi shilingi 500 inakuja mezani kama fotokopi, iliyokatwa kwa makasi na kutiwa mbele ya kadi ya ardhi ndani ya kifuko cha plastiki. Kwenye mashindano rasmi haiwezekani, na sawa. Lakini mwaka 2016 kampuni yenyewe ilisema haina nia ya kuwafuata watu wanaojitengenezea kadi za majaribio kwa mchezo wao binafsi, na huo ndio mchezo wetu.

Matokeo yake ni kwamba mezani kwetu Mana Crypt ina thamani ya shilingi kumi, bei ya kuiprinti. Tuliijaribu. Baada ya wiki tatu tukaona inaua mchezo, mmoja akasema tuitoe, tukaitoa. Majadiliano yalichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Hakuna aliyepoteza chochote, na jioni ileile tulikuwa tumeshaanza kubishana kuhusu kadi nyingine.

Kama una deki, kuja nayo. Kama huna, kuja tu, tutakukatia. Tutaanza kwa kukuambia tunavyocheza, kisha utatuambia kwenu mnacheza aje.